Sarafu Zisizotaja Jina

Pale Rwamishenye, Bukoba mjini, ukiulizia nyumba ya Annastella utaulizwa Annastella yupi. Ukisema Mama Vifaranga, hata mtoto wa chekechea atakuonyesha kwa kidole. Sebule yake haina kochi wala kabati la vyombo. Ina mashine mbili za kutotolesha mayai, na ukifungua mlango joto linakupokea usoni kama la jikoni siku ya harusi. Umeme ukikatika utamwona anahangaika na mablanketi na chupa za maji ya moto, akizifunika mashine zile kama mtu anayefunika wagonjwa. Zamani alikuwa na mume. Mume alikwenda Geita kutafuta dhahabu, akapata mke, na Annastella hakuona sababu ya kumfuata. Watoto hawakujaliwa. Mtoto aliyemlea kwa mikono yake alikuwa mmoja tu, naye hakutoka tumboni mwake: mdogo wake, Ildefons.

Walizaliwa Kishanda, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha migomba na buni. Baba yao alifariki Ildefons akiwa bado ananyonya. Mama yao, Theopista, alirudi kwenye jembe kabla hata machozi hayajakauka, na Annastella akambeba mtoto mgongoni kutwa nzima mpaka majirani wakamtania kwamba amezaa kabla ya wakati. Ada ya shule ya kijana ililipwa na baba yao mdogo, mzee Kahangwa. Huyo walimwita tata, kama vile wangemwita baba yao, na kweli hakuwahi kuwatofautisha na wanawe. Aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili Ildefons aende chuo Mwanza kusomea kompyuta. Watu walimcheka. Yeye akasema ng'ombe anazeeka, elimu haizeeki.

Elimu haikuzeeka, lakini haikupata kazi pia. Ildefons alizunguka na vyeti vyake hadi bahasha ikachanika pembeni. Mwishowe akakaa na rafiki yake Haruni, fundi simu mwenye kibanda karibu na soko la Bukoba, wakawa wanabadilisha vioo na kufungua simu zilizojifunga. Ndipo akatokea mtu mmoja, suti safi, maneno laini, akitafuta vijana wanaojua kompyuta na Kiingereza. Kazi ni ya ofisini, alisema, nchi za mashariki ya mbali, nauli inalipwa, chumba kipo. Aliondoka na kundi zima la vijana wa Kagera. Siku ya safari mama Theopista alimfungia mwanawe senene za kukaanga na buni za kutafuna, na mzee Kahangwa akamwekea mkono kichwani.

Miezi ya mwanzo Ildefons alipiga simu ya picha akiwa anacheka. Baadaye akawa hacheki. Baadaye tena akaacha kuonyesha uso, akawa anapiga sauti tu, tena kwa kunong'ona, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango.

"Da Anna," alisema siku moja, "nenda kwa Haruni akuwekee pochi kwenye simu."

"Pochi gani inawekwa kwenye simu?"

"Ya sarafu za kidijitali. Nitakuwa nakutumia huko, wewe utamsaidia mama. Usitaje jina langu kwa mtu. Na benki usiende kuuliza."

"Kwani huwezi kutuma kama watu wengine wanavyotuma?"

Huko alikokuwa, mlango ulibamizwa na mtu akafoka kwa lugha ambayo Annastella hakuijua.

"Njia nyingine wanaziona," alisema Ildefons. "Hii hawaioni. Da Anna, nisikilize. Hata mimi mwenyewe haitanionyesha."

Haruni alimwekea hiyo pochi. Alikuwa kijana mpole, Mwislamu wa pale mjini, mwenye kucha zilizoungua kwa risasi ya kuchomelea. Alimpa kiti, akamweleza taratibu kama anavyomweleza mteja aliyeharibikiwa simu.

"Hiki kitu kinaitwa blokucheni. Chukulia ni daftari. Lakini halikai kwa mtu mmoja. Nakala yake iko kwenye kompyuta za watu dunia nzima, na zote zinaandika kitu kilekile kwa pamoja. Sarafu ikitoka kwa huyu kwenda kwa yule inaandikwa, na ikishaandikwa hakuna anayeweza kuifuta. Si serikali, si mwizi, si mimi."

"Kwa hiyo kila mtu anaona nimetumiwa?"

"Anaona sarafu zimetoka namba fulani kwenda namba fulani. Namba yenyewe ndefu, mchanganyiko wa herufi. Jina halimo. Ndiyo siri yake, dada. Kila kitu kiko wazi isipokuwa mtu."

Annastella alilichukua neno hilo kama maelezo tu ya fundi. Uzito wake alikuja kuuona mbele ya safari.

Sarafu zikaanza kuingia. Simu ikitoa mlio mdogo, yeye anakwenda kwa Haruni, Haruni anazinunua na kumrushia shilingi kwenye simu, naye Jumamosi anapanda gari la Muleba, kisha bodaboda mpaka Kishanda. Nyumba ya mama ikapata bati jipya. Likaja tangi la maji ya mvua. Zikaja dawa za presha bila kukatika, na kwa mara ya kwanza tangu Annastella apate akili, mama yake alikaa kibarazani saa za kazi bila jembe karibu yake. "Mwanangu ananilisha," aliwaambia waliopita, nao wakaitikia kwa heshima ya Kihaya, "Ashukuriwe Mungu, waitu."

Kisha simu za Ildefons zikakatika. Mara ya mwisho alipiga Annastella akiwa sokoni, kelele nyingi, akamwambia asubiri kidogo asogee pembeni. Aliposogea, laini ilikuwa imekwisha kukatika. Alipiga, haikupatikana. Alipiga wiki nzima. Alikwenda kwenye ofisi moja ya serikali, akaandikisha kwamba ndugu yake hapatikani, akaelekezwa nyingine; huko wakamwambia arudi, na aliporudi wakamwambia asubiri.

Lakini mwezi ulipogeuka, mlio ule mdogo ulilia kwenye simu. Sarafu zilikuwa zimeingia, kutoka namba ileile.

Annastella alikaa chini sakafuni, katikati ya mashine zake, akalia kwa furaha.

Tangu hapo mlio ule ndio ukawa salamu ya ndugu yake. Mama akiuliza, "Amepiga?" Annastella anajibu, "Hajapiga, mama, kule simu zinabana. Lakini ametuma." Na mama anaitikia kwa kichwa, anasema basi yupo. Mtu akituma yupo. Hayo yalikuwa makubaliano yao, na yaliwatosha.

Kuna wakati hayakumtosha Annastella. Alitamani kumjibu. Alimuuliza Haruni kama anaweza kuandika ujumbe kupitia njia ile, Haruni akasema njia ile kwenye simu yake haipeleki maneno, inapeleka sarafu tu. Basi Annastella akabakiza sehemu kidogo ya sarafu zilizoingia, akamwomba Haruni amwonyeshe pa kubonyeza, akazirudisha kwenye ile namba zilikotoka. Hazikuwa na thamani ya kutaja. Alitaka tu kijana afungue pochi yake huko aliko, aone kitu kimetoka nyumbani. Akafanya hivyo mwezi uliofuata na mwingine. Haruni alimtazama akibonyeza, akafungua kinywa kama anataka kusema neno, halafu akainama kwenye simu aliyokuwa anaitengeneza.

Zaidi ya mwaka ulipita hivyo. Kishanda maneno yakaanza. Redio ilitangaza kwamba huko mashariki ya mbali kuna majengo ambamo vijana wa Afrika wamefungiwa, wanafanyishwa kazi kwa vipigo, na kwamba jengo moja liliungua na watu ndani. Mzee Kahangwa aliisikia habari ile akiwa anachambua buni, akaiacha kazi palepale. Siku chache baadaye aliita ukoo.

Annastella alikwenda. Walikaa nyumbani kwa mama yake, chini ya lile bati jipya, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye majani yaliyotandikwa chini. Mzee Kahangwa alikuwa amekonda.

"Mwanangu hajasema neno mwaka mzima," alianza. "Ildefons si mtoto wa kunyamaza. Mimi namjua. Kama amekufa, amekufa ugenini bila mtu wa kumfumba macho, na anazunguka hajui njia ya kurudi. Mnaona mambo ya nyumba hii? Buni zinakauka, mwanangu mkubwa mguu hauponi. Nasema tumzike. Tuchukue gogo la mgomba kama wazee walivyofanya kwa waliopotea, tumlaze kibanjani kwa baba yake, apumzike."

Mama Theopista alijishika mdomo. Annastella alisimama, jambo ambalo wanawake hawakulifanya sana kwenye vikao vile.

"Tata, waitu, huwezi kumzika mtu anayetuma matumizi. Juzi tu ametuma. Hii hapa." Akampa simu.

Mzee aliivaa miwani, akaitazama simu kwa muda mrefu. "Nisomee jina."

"Jina halionyeshi, tata."

"Basi nisomee alichoandika."

"Haiandiki. Inaonyesha namba na tarehe."

"Namba," alisema mzee. Hakuwa anadhihaki. "Mtu akinitumia mkungu wa ndizi, aliyeubeba ataniambia umetoka kwa nani, na nitamuuliza amemwacha mzima au mgonjwa. Hiki kilichokuletea sarafu umekiuliza?"

"Tata, nani mwingine atutumie?"

Kikao kiliahirishwa. Wakati wa kuondoka Annastella alijiona ameshinda. Mama alimsindikiza mpaka barabarani amemshika mkono, na kila aliyekutana naye alimwambia, "Yupo, binti yangu ana ushahidi."

Ushahidi ule ulivunjika Nyanga, palepale Bukoba, nyumbani kwa mteja wa vifaranga.

Mama mmoja wa Kilutheri aitwaye Benadetha aliagiza vifaranga, akaomba Annastella aje mwenyewe kuonyesha namna ya kuvipatia joto. "Ni kwa ajili ya binti yangu," alisema kwenye simu. "Ametoka safari. Hatoki nje, hasemi na mtu. Nataka apate kitu cha kuangalia."

Annastella alifika mvua ikinyesha. Binti alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Jina lake Joyness. Aliwatazama vifaranga wakimwagwa kwenye boksi, akamsikiliza Annastella akieleza habari ya taa na maranda, akawa anaitikia kwa kichwa. Simu ya Annastella ikaita. Mteja tu. Alipoitoa mfukoni, kioo kikawaka na picha ya Ildefons ikaonekana, ile aliyopiga siku ya mahafali.

Joyness alisimama, kigoda kikaanguka.

"Huyo umemtoa wapi?"

"Ni mdogo wangu."

"Ilde," alisema binti. "Ilde wa Kishanda."

Mama Benadetha alitaka kumnyamazisha, kwa sababu ya kumhurumia, lakini binti alikuwa ameshaanza na hakuweza kuacha. Waliondoka na kundi moja, na yule mtu wa suti. Walipofika walinyang'anywa hati za kusafiria, wakapelekwa kwenye majengo yenye ukuta na walinzi. Kazi ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta na kujifanya mtu mwingine. Wewe ni msichana mzuri, una picha zake, unamwandikia mtu mpweke huko Ulaya au Marekani, mjane, mgonjwa, mtu asiye na wa kuongea naye. Unamwandikia kila siku mpaka akupende. Akishakupenda unamfundisha kununua sarafu za kidijitali, unamwonyesha pa kuziweka, na zikishawekwa pale hazirudi. Ukishindwa kufikisha kiwango unapigwa.

"Ilde walimtoa kwenye kuandika kwa sababu alijua kompyuta," alisema Joyness. "Yeye alikuwa anahamisha sarafu, kutoka namba hii kwenda hii kwenda hii, ili wenyewe wasizifuate. Kila akihamisha alibakiza makombo. Kidogo sana. Wakubwa hawakujua hata siku moja."

"Na akawa ananitumia mimi," alisema Annastella.

Joyness alimtazama, na Annastella alikuja kusema baadaye kwamba mtazamo ule ulimpa habari kabla ya maneno.

"Hakuwa anatuma yeye, dada. Aliniambia mwenyewe. Aliyaweka makombo yote kwenye mkataba unaojiendesha. Ni programu, inakaa hukohuko kwenye blokucheni. Unaiambia, kila mwezi mpe huyu kiasi hiki mpaka makombo yaishe. Inafanya. Alisema, nikipona itaendelea, nikifa itaendelea, na hakuna atakayeweza kuisimamisha."

"Yuko wapi?"

"Walikuja na lori, wakachagua watu wa kupeleka sehemu nyingine. Yeye alikuwa na homa, hawezi kusimama vizuri. Walimpandisha. Sisi tuliobaki ndio tuliokuja kuokolewa. Sijui zaidi, dada. Ningejua ningekwambia."

"Lini hiyo?"

Joyness alitaja. Ilikuwa majuma machache baada ya ile simu iliyokatika sokoni.

Annastella hakulia Nyanga. Alimaliza kufunga taa ya vifaranga, akaeleza tena habari ya maji safi, akakataa chai. Kutoka pale alikwenda moja kwa moja sokoni kwa Haruni. Kulikuwa na wateja wawili, akasubiri mpaka waondoke.

"Ulijua?" alimuuliza.

Haruni hakuuliza alijua nini. Aliweka chini bisibisi.

"Niliona zinaingia tarehe ileile, saa ileile, kiasi kilekile. Binadamu hatumi hivyo. Nikaifuatilia ile namba kwenye daftari, nikaona si pochi ya mtu. Ni mkataba."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo mwanzo, dada Anna."

"Na nilipokuwa nazirudisha? Ulikuwa unanitazama, Haruni."

Kijana alijifuta uso kwa kiganja. "Zilikuwa zinaingia humohumo kwenye mkataba. Zinachanganyika na nyingine, zinakurudia wewe."

Hapo ndipo Annastella alipokaa kwenye kile kiti cha wateja akalia, mchana kweupe, watu wakipita na vikapu vya ndizi na dagaa. Alilia kwa sababu ya zile salamu zake ndogo. Zilikwenda mlangoni kwa mtu asiyekuwepo, zikageuzwa, zikarudi kwake, naye akazipokea kwa furaha akidhani zimetoka kwa ndugu yake.

"Ulikuwa unakuja hapa unacheka," alisema Haruni kwa sauti ndogo. "Unaniambia yupo. Ni rafiki yangu mimi pia. Nilitaka awepo."

Aliuliza zimebaki kiasi gani. Haruni alitazama kwenye simu, kwa kuwa daftari lile halimfichi mtu kitu cha namna hiyo. Zilikuwa zimebaki za miezi miwili.

Miezi ile miwili Annastella hakumwambia mtu. Alitotolesha, aliuza, aliamka, alilala. Sarafu zilipoingia hakuzigusa. Alikuwa akiwaza mtu asiyemjua, mwanamke mzee labda, huko nchi ya baridi, anayekaa dirishani akisubiri ujumbe wa msichana ambaye hayupo duniani, na akiba yake imekuwa bati la Kishanda. Alijaribu kumhesabia Ildefons haki. Alikuwa mateka, alikuwa anaiba kwa waliomwiba. Lakini makombo hayakuwa ya wale wezi. Na kurudisha, angemrudishia nani? Namba haina jina. Ndugu yake alikuwa amezificha nyayo vizuri kiasi kwamba hata toba haikuweza kuzifuata.

Mwezi wa tatu ulipofika mlio haukulia. Annastella alipanda gari la Muleba.

Alimkuta mama yake anapura maharage uani. Alimsaidia mpaka wakamaliza, wakapeta, wakajaza ungo. Kisha akamwambia: kwamba aliyekuwa akituma ni mtambo, kwamba Ildefons aliuwekea akiwa bado yupo, kwamba alipandishwa lori akiwa na homa, kwamba hakuna ajuaye zaidi. Habari ya wale watu wapweke walioibiwa hakuitaja. Hiyo aliamua itabaki kwake.

Mama alisikiliza akiokota mawe madogo kwenye maharage. Aliokota mpaka hakuna jiwe lililobaki, akaendelea kupekua.

"Na ulijua lini?"

"Miezi miwili, mama."

"Miezi miwili ulinyamaza."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

"Ungeendelea kutafuta," alisema mama. Akamtazama binti yake kwa macho ambayo Annastella hakuwahi kuyaona kwake. "Nani alikutuma kuniletea haya? Nilikuwa na mtoto. Kila mwezi nilikuwa na mtoto. Wewe una kazi yako mjini, una kuku wako, mimi nilikuwa na nini kingine? Ungenyamaza, Annastella. Ungenitumia hata mia yako ukaniambia ametuma yeye."

"Ningekudanganya, mama."

"Ulinidanganya mwaka mzima ukiwa hujui. Ungeshindwa nini kunidanganya ukiwa unajua?"

Aliingia ndani na ungo wake. Chakula cha jioni alipika, akampakulia binti yake, yeye mwenyewe hakukaa kula.

Mzee Kahangwa alipopewa habari hakusema, "Niliwaambia." Aliegemea fimbo, machozi yakimtiririka, kisha akatuma watu kwa ukoo. Walikata gogo la mgomba kutoka kibanjani kwa marehemu kaka yake, wakalifunga sanda, na mama Theopista akatoa shati la mahafali likawekwa juu. Kaburi lilichimbwa kwa kipimo cha mtu mzima. Annastella alishika udongo mkononi zamu yake ilipofika, akashindwa kuurusha. Alisimama nao tu, watu wakisubiri nyuma yake, mpaka shangazi mmoja akamfungua vidole polepole udongo ukadondoka wenyewe.

Baada ya matanga sehemu ya Ildefons kibanjani alipewa mtoto wa mzee Kahangwa, yule mwenye mguu mbovu. Hakuna aliyeona ubaya. Alifyeka magugu yaliyokuwa yameota, akaanza kung'oa buni zilizozeeka. Mguu haukupona.

Annastella hakugombana na mtu. Lakini kulikuwa na kitu hakikumkalia vizuri. Joyness alisema hajui. Hakusema amekufa. Alisema lori, alisema homa. Watu wangapi wameugua homa wakapona? Aliliwaza hilo akigeuza mayai, akaliwaza akiwa kwenye gari, na wiki moja kabla ya Jumapili ya Mateso alikwenda parokiani kwao kuandikisha nia ya misa.

Katekista alikuwa na kalamu tayari. "Jina?"

"Ildefons."

"Marehemu Ildefons," alirudia katekista akiandika.

"Usiandike marehemu."

Alimtazama. Alikuwa kwenye mazishi, alishika kamba za kuteremshia lile gogo la mgomba kama wengine. "Dada, padri anasoma kwa mafungu. Kuna marehemu, kuna wagonjwa, kuna wasafiri. Nimweke wapi?"

"Waliopotea hamna?"

"Hatuna fungu hilo."

Annastella alisimama pale. Nje watoto wa kipaimara walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo, wanakosea mahali palepale, wanarudia. Alifikiria sana, halafu akasema, "Mweke na wasafiri."

Jumapili kanisa lilijaa. Alikaa kando ya mama yake, kwa maana ingawa hawakuwa wanaongea sana, hawakuwa wameacha kukaa pamoja. Padri alisoma wagonjwa, waamini wakajibu. Alisoma wasafiri, na lilipotajwa jina la Ildefons, vichwa viligeuka. Mzee Kahangwa, kwenye benchi la mbele, hakugeuka. Mgongo wake tu ulishuka kidogo, kama mtu aliyeongezewa mzigo.

"Twakuomba utusikie," walijibu watu, wengine kwa kusitasita.

Mama Theopista hakujibu. Alikuwa ameshika rozari yake, macho chini. Misa ilipokwisha alitoka kwa mlango wa pembeni bila kumsubiri binti yake, akafungua mwavuli, akaanza kutembea kuelekea nyumbani peke yake. Annastella alimfuata kwa mbali kwenye tope. Hakujaribu kumfikia.